Diski Moja, Njia Nne
Seva yenye kadi mbili za kuunganishia diski, ikiunganishwa kupitia swichi na kabati la diski lenye vidhibiti viwili, huweza kuiona diski moja kana kwamba ni nne, kwa kuwa kila njia huhesabiwa kivyake. Katika Linux, programu ya multipath huzitambua njia hizo kwa namba ya utambulisho ya diski, iitwayo WWID, na kuziunganisha kuwa kifaa kimoja, ili waya mmoja ukikatika data ipite kwingine. Hatari, ambayo ni rahisi kuipuuza, imo katika majina: jina jepesi kama mpatha hutolewa na kila seva peke yake, hivyo katika kundi la seva zinazosaidiana jina hilo hilo laweza kutaja diski mbili tofauti. Faili ya majina, /etc/multipath/bindings, haina budi kufanana katika seva zote kabla programu ya kundi haijawashwa.