MASHINE YA KUFUFUA MOYO? MACHIMBONI TUNA MIKONO!

Wiki hii mambo ya mapenzi na mitindo tuyaweke kando kidogo. Nina donge rohoni.

Binamu yangu alitolewa duarani huku machimboni Geita, kazidiwa na moshi wa pampu ya maji. Unajua tulifanya nini? Mmoja alimmwagia maji, mwingine akakimbilia maziwa dukani, wengine wakabishana nani alipie gari. Mimi nilisimama tu kama mlingoti. Gari lilipofika, alishakata roho.

Juzijuzi jamaa mmoja katoka Dar, akaniambia, "Mdogo wangu, Ulaya kuna mashine inamkandamiza mtu kifua yenyewe!" Nikajua kamba hizo. Kumbe kweli bwana! Mojawapo inaitwa LUCAS, asili yake Lund, Sweden. Inakaa juu ya kifua kama daraja, inashusha mchi wenye kikombe cha mpira, mara 102 kwa dakika, kama mtu anayetwanga mpunga. Betri inakaa kama dakika 45.

Bei yake ni maelfu ya dola. Lakini sikia hii: Waingereza waliijaribu kwa wagonjwa 4,471, matokeo wakayachapisha mwaka 2015. Waliokuwa hai baada ya siku 30 ni 6 katika kila 100 kwa upande wa mashine, 7 kwa upande wa mikono. Faida yake iko zaidi ndani ya ambulensi inayokimbia, mahali ambapo mtu hawezi hata kusimama vizuri.

Basi nikamfuata dada mmoja muuguzi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hiyo mashine yako mimi sijaiona. Piga magoti hapo."

Akaniwekea gunia la mchele. Viganja katikati ya kifua, kimoja juu ya kingine, mikono inyooke. Bonyeza mara 100 hadi 120 kwa dakika, kifua kizame sentimeta 5 hadi 6, kisha kiache kipande. Aliyekosa hewa apuliziwe pia mdomoni: kila ukibonyeza 30, pumzi 2. Ila kwanza atolewe penye hewa safi, na ukimfuata shimoni kichwakichwa mtakuwa maiti wawili.

Dakika ya kwanza nilikuwa nacheka. Ya pili jasho likanitoka, mikono ikatetemeka.

"Dada, mtu ataweza kweli mpaka gari lifike?"

"Mmoja hawezi, mnapokezana kila dakika 2. Siku ile pale duarani mlikuwa wangapi?"

Tulikuwa kama ishirini.