Kunyonyesha hukinga mimba, lakini kwa masharti matatu

"Mimi nanyonyesha, sishiki mimba." Kauli hii utaisikia kwenye mabenchi ya kliniki ya mama na mtoto, saluni na kwenye vikao vya kina mama mtaani, na anayeitoa huwa hana shaka hata kidogo. Lakini katika kliniki hizo hizo, kwenye foleni ya wajawazito, hukosi kumkuta mama aliyebeba mtoto ambaye hajaanza hata kutambaa, na tumboni yumo mwingine. Ukimuuliza, atakujibu kwamba naye alikuwa ananyonyesha.

Kauli ile si uzushi. Kunyonyesha ni njia ya uzazi wa mpango inayotambuliwa na Shirika la Afya Duniani (WHO), na ikifuatwa sawasawa inakinga vizuri sana. Tatizo ni kwamba njia hii ina masharti matatu na ina siku ya kwisha, na kina mama wengi wameambiwa nusu tu ya habari. Nusu hiyo ndiyo inayowaponza.

Masharti yenyewe

Mwaka 1988 wataalamu wa uzazi kutoka nchi mbalimbali walikutana mjini Bellagio, Italia, wakapitia tafiti zilizokuwapo kuhusu kunyonyesha na kurudi kwa uwezo wa kushika mimba. Walikubaliana kwamba mama aliyejifungua ana kinga ya zaidi ya asilimia 98 endapo mambo matatu yapo kwa pamoja: hedhi haijarudi, mtoto ananyonya maziwa ya mama pekee au karibu pekee, na mtoto hajatimiza miezi sita. Utafiti uliofanyika Santiago, Chile, na kuchapishwa mwaka 1992 ulikuta kwamba kati ya kina mama walioyafuata masharti hayo, walioshika mimba ndani ya miezi sita hawakufika hata mmoja katika kila 100.

Tuyatazame moja moja. Kuhusu hedhi, damu inayotoka ndani ya wiki nane za mwanzo baada ya kujifungua haihesabiwi. Baada ya hapo, mama akiona damu siku mbili mfululizo, hata kama ni kidogo, achukulie kwamba ameanza tena kuona siku zake.

Kuhusu kunyonyesha, maana yake ni ziwa kila mtoto anapolitaka, mchana na usiku. Mchana zisipite saa nne bila mtoto kunyonya, na usiku zisipite saa sita. Maji, maziwa ya ng'ombe, uji na dawa za chango za kienyeji havina nafasi hapa. Dawa aliyoandikiwa mtoto na mhudumu wa afya haiharibu kitu.

Sharti la tatu ni umri. Mtoto akitimiza miezi sita anatakiwa kuanza kula vyakula vingine, na hapo njia hii imefika mwisho hata kama mama bado hajaona hedhi.

Sharti moja likivunjika, mama ahesabu kwamba kinga imeondoka siku hiyo hiyo. Asisubiri mwezi uishe.

Kinga inatoka wapi

Watu wengi hudhani kinga imo ndani ya maziwa, kwa hiyo mama mwenye maziwa mengi ndiye aliye salama. Sivyo. Kinga inatokana na kitendo cha mtoto kunyonya. Kila anapovuta chuchu, mishipa ya fahamu hupeleka taarifa kwenye ubongo wa mama, na ubongo hupunguza vichocheo vinavyoamrisha yai lipevuke na kutoka kwenye ovari. Yai lisipotoka, hakuna mimba.

Ndiyo maana idadi ya kunyonya ina uzito kuliko wingi wa maziwa, na ndiyo maana usiku una kazi kubwa. Mtoto aliyeshibishwa uji saa mbili usiku ili mama apate usingizi atalala hadi alfajiri. Mama atapumzika, na mwili wake nao utapokea taarifa kwamba mtoto ameanza kupungukiwa hamu ya ziwa.

Kuna jambo jingine ambalo kila mama angepaswa kulijua. Yai hutoka kabla ya hedhi, si baada yake. Wahenga walisema dalili ya mvua ni mawingu, lakini hapa mvua inaweza kunyesha bila wingu: mama akashika mimba kutokana na yai la kwanza kabisa, bila kuona tone la damu tangu alipojifungua. Katika miezi sita ya mwanzo, kwa anayenyonyesha kikamilifu, hilo hutokea kwa nadra sana. Baada ya hapo uwezekano unaongezeka kadiri miezi inavyokwenda. Mama anayesema "nikiona siku zangu ndipo nitaenda kliniki" anaweza kwenda kliniki akiwa tayari mjamzito.

Mtoto analia, mpeni uji

Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba Tanzania asilimia 64 ya watoto walio chini ya miezi sita walikuwa wakinyonya maziwa ya mama pekee. Ni hatua nzuri. Lakini ina maana zaidi ya theluthi moja walikuwa wakipewa kitu kingine, na huenda wengi wa mama zao hawakuwa na sifa za kuitegemea njia hii.

Nani anaanzisha uji? Mara nyingi si mama peke yake. Mtoto akilia sana usiku, nyumba nzima hutoa hukumu: maziwa hayamtoshi. Bibi anashauri maji ya uvuguvugu, jirani analeta dawa ya chango, baba anataka watu walale. Mzazi wa mara ya kwanza, mchovu na mwenye wasiwasi, atabishana na nani? Bibi anashauri kwa mapenzi, na mapenzi hayo yanahitaji kupewa taarifa. Mtoto wa miezi miwili analia kwa sababu nyingi, na akinyonya mara nyingi zaidi maziwa nayo huongezeka. Kipimo cha kuaminika ni uzito wake kwenye kadi ya kliniki.

Siku 84

Hata mama mwenye msimamo hukutana na ukuta wa kazi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ya mwaka 2004, inampa mama likizo ya uzazi ya siku 84 yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Siku 84 ni wiki 12. Miezi sita ni wiki 26.

Mchukulie muuzaji wa duka Kariakoo anayeishi Mbagala. Anamnyonyesha mtoto saa 11 alfajiri, anagombania daladala, anafungua duka, na anarudi nyumbani saa moja usiku. Ni saa 14. Hata akikamua maziwa na kuyaacha kwenye kikombe safi, mtoto atashiba vizuri, lakini mwili wa mama haukupata ule mvuto wa ziwa uliohitajika. Utafiti mwingine wa Chile, wa mwaka 2000, uliwafuatilia kina mama wanaofanya kazi na kukamua maziwa, ukakuta mimba zimefikia takriban asilimia 5 katika miezi sita.

Sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri ampe mama muda wa kunyonyesha hadi saa mbili kwa siku. Kenya, kwa Sheria ya Afya ya mwaka 2017, waajiri wanatakiwa kutenga mahali pa kunyonyeshea kazini. Haki hizi zina maana kwa mama anayeishi jirani na kazi yake. Wa Mbagala zinamsaidia kutoka mapema, kama mwajiri anazijua na kuziheshimu. Mama lishe na mkulima waliojiajiri hawana hata wa kumdai.

Kubemenda

Wazee wetu waliijua hatari ya watoto kufuatana, wakaijengea mwiko. Katika jamii nyingi mume na mke walitengana hadi mtoto apate nguvu, na mtoto aliyedhoofika ilisemwa amebemendwa: wazazi wamekutana kabla ya wakati, au mmoja wao ametoka nje ya ndoa. Mwiko huo uliwapa kina mama nafasi ya kupumzika. Lakini hadi leo umebaki kuwa fimbo ya kumchapia mama, ambaye mtoto wake anaumwa na badala ya kupelekwa hospitali anaanza kuhojiwa alilala na nani.

Tendo la ndoa haliharibu maziwa. Kinachomdhoofisha mtoto ni kuachishwa ziwa ghafla kwa sababu ya mimba mpya, kisha kulishwa uji mtupu. Mwaka 1935 daktari Cicely Williams, akiwa Gold Coast, ambayo leo ni Ghana, aliueleza ulimwengu wa tiba ugonjwa wa kwashakoo kwa watoto wa namna hiyo. WHO inashauri mama asubiri angalau miezi 24 baada ya kujifungua kabla ya kushika mimba nyingine. Wazee walilenga mahali sahihi. Sisi tuna njia zisizomlaumu mtu.

Pengo la miezi sita

Tazama sasa ratiba ya chanjo Tanzania. Mama humpeleka mtoto wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Chanjo inayofuata, ya surua na rubella, ni mtoto akifikisha miezi tisa. Miezi sita, wakati kinga ya kunyonyesha inapokwisha, inaangukia katikati, na mama asiyehudhuria kupima uzito kila mwezi anaweza kuupita bila kuonana na mhudumu yeyote.

Kwa hiyo mazungumzo yafanyike wiki ya 14. Nesi akishamchoma mtoto sindano, amuulize mama maswali matatu: umeona siku zako? Mtoto anapewa chochote zaidi ya ziwa? Umejipangaje akifikisha miezi sita? Maswali hayo hayamalizi dakika tano.

Na njia zipo. Kitanzi, vipandikizi, sindano, kondomu na vidonge vya kichocheo kimoja vinafaa kwa mama anayenyonyesha na havikaushi maziwa. Vidonge vya vichocheo viwili, ambavyo wengi huviita majira, vinasubiri hadi mtoto apite miezi sita. Mama anayeishi na virusi vya Ukimwi na anatumia dawa zake vizuri anaweza pia kuitumia njia ya kunyonyesha, ila akumbuke kwamba haizuii maambukizi ya ngono. Na asiyenyonyesha kabisa asingoje arobaini iishe. Uwezo wa kushika mimba unaweza kurudi hata wiki ya nne.

Kwako mama unayenyonyesha: endelea, hata miaka miwili, kwa afya ya mtoto wako. Ila chukua kadi ya kliniki, tafuta tarehe atakayotimiza miezi sita, na uizungushie kalamu. Kabla tarehe hiyo haijafika, uwe umeshachagua njia nyingine. Nawe baba, nenda naye kliniki.