Kila programu na jenereta yake

Ukipita Kariakoo saa ambayo umeme umekatika, iwe Mtaa wa Kongo au ule wa Mchikichi, hutahitaji kuambiwa. Kila duka lina jenereta yake barazani, na kila jenereta inanguruma kivyake, hata pale ambapo maduka sita ya jengo moja yangeweza kabisa kuchangia moja kubwa. Wiki hii naiazima picha hiyo ili nieleze jambo ambalo wafanyabiashara wengi wa mjini wanalinunua bila kulijua, nalo ni programu za kompyuta zilizojengwa kwa ufundi wa kurasa za intaneti.

Aliyenitia katika mazungumzo haya ni mama mmoja muuza vitenge. Kompyuta yake ni ya mtumba, inatumia Windows 7, na kwa miaka kadhaa ilimtunzia hesabu za mauzo na, lililo kubwa zaidi kwake, orodha ya wateja wa mikoani wanaochukua mzigo kwa mali kauli. Siku moja aliyemuuzia programu akamletea toleo jipya. Likakataa kufunguka. Akaambiwa kompyuta yake imepitwa na wakati. Nilipomwamkia aliitikia marahaba, kisha akaniuliza: "Mwanangu, duka ni lilelile, vitenge ni vilevile, hesabu ni zilezile. Kompyuta imezeeka lini?"

Swali lake ni la haki, ila jibu linaanzia mbali kidogo.

Ukurasa wa intaneti hujengwa kwa vitu vitatu. Kuna HTML, inayoeleza kipi kiko wapi: hapa rafu, hapa kaunta, pale mlango. Kuna CSS, ambayo ni rangi na mapambo. Halafu kuna JavaScript, huyu ndiye muuzaji mwenyewe. Ukibonyeza anajibu, ukimpa namba anajumlisha. Brendan Eich wa kampuni ya Netscape aliitunga lugha hiyo mwaka 1995 kwa muda wa siku 10 hivi, na mafundi hawajaacha kuisema vibaya hadi leo, huku wakiendelea kuitumia.

Kwa kawaida duka hilo huishi ndani ya kivinjari, yaani Chrome, Firefox na wenzao, na kivinjari humfungia muuzaji ndani kwa makusudi. Haruhusiwi kupekua mafaili yako ovyo wala kuiamuru printa apendavyo, kwani huwezi kujua tovuti uliyoifungua ni ya muungwana au ya mwizi. Ni kinga njema. Lakini duka la kweli lataka risiti itoke na hesabu zihifadhiwe.

Microsoft walijaribu kuufungua mlango huo mwaka 1999, walipotoa Internet Explorer 5. Njia iliyokuja kushika, hata hivyo, ni ya kampuni ya GitHub ya Marekani. Mwaka 2013, wakiwa katika kutengeneza chombo cha kuandikia programu kilichoitwa Atom, walichukua Chromium, ambayo ndiyo injini ya Chrome, wakaifunga furushi moja na Node.js, inayoiwezesha JavaScript kugusa mafaili na vifaa vya kompyuta. Mwaka 2015 furushi likapewa jina la Electron. Atom yenyewe ilifungwa Desemba 2022, lakini furushi lake limeenea dunia nzima.

Faida yake kwetu si ndogo. Kijana anayejua kutengeneza tovuti halazimiki kujifunza lugha moja kwa ajili ya Windows, nyingine ya Mac na nyingine ya Linux. Anaandika mara moja. Aidha, lugha ya kwenye skrini anaichagua mwenyewe. Wako wanaokumbuka jasho la Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika kuitafsiri OpenOffice hadi ikatoka Jambo OpenOffice mwaka 2004. Hiyo ilikuwa programu kubwa ya wenzetu, tukiifuata nyuma kwa tafsiri. Leo programu ndogo ya duka yaweza kuzaliwa ikijua mali kauli ni nini, bila kutafsiriwa na mtu.

Sasa gharama. Kila programu ya aina hii inabeba kivinjari kizima tumboni mwake. Hata ikiwa haina kitu ila neno "Karibu", huzidi mega 100. Fungua tatu kwa pamoja, umewasha jenereta tatu katika jengo moja, na kompyuta yenye RAM ya giga 4 itahema kama mpagazi wa Msimbazi. Tena injini hiyo ina masharti yake. Mwanzoni mwa mwaka 2023 Chromium iliacha kuhudumia Windows 7 na Windows 8, na Electron ikafuata kwa toleo lake la 23. Hapo ndipo alipokwama mama yetu. Hesabu zake hazikuwa na ila yoyote. Kilichoikataa kompyuta ni injini iliyobebwa. Angeweza kubaki na toleo la zamani, ila hilo halizibwi tena matundu ya usalama.

Wakubwa wenyewe wanayumba. WhatsApp ya kompyuta, ambayo Kariakoo inaitumia kuagizia mzigo Guangzhou, ilitoka mwaka 2016 ikiwa juu ya Electron. Mwaka 2022 ile ya Windows ikaandikwa upya kwa ufundi wa Windows wenyewe, ikawa nyepesi. Mwaka 2025 ikarudishwa kwenye ufundi wa ukurasa wa intaneti, safari hii ikitumia injini iliyomo tayari ndani ya Windows. Hiyo ni sawa na kutumia jenereta ya jengo. Tauri, iliyotoa toleo lake la kwanza kamili mwaka 2022, hufuata njia hiyo, na programu zake zaweza kuwa za mega chache tu. Mwenye Windows 7, lakini, hata huko anabaki na injini isiyozibwa tena matundu ya usalama.

Mtu atasema, kwa nini tusitumie tovuti tu? Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, SEACOM na EASSy, zilikatika, na intaneti ikazorota Afrika Mashariki. Kuanzia tarehe 29 Oktoba 2025, siku ya uchaguzi, ilizimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Mwenye daftari la madeni lililo kwenye tovuti peke yake, siku hizo hana daftari. Kwa upande mwingine, tarehe 10 Julai 2021 soko letu kuu la Kariakoo liliungua, na hesabu zilizo ndani ya kompyuta moja huungua nayo. Programu inayofaa ni ile inayoandika kwanza hapohapo dukani, halafu mtandao ukirudi inapeleka nakala mahali pengine.

Na usidanganyike na alama nzuri kwenye skrini. Nyingine ni fremu tu iliyozungushiwa tovuti. Nilimshauri mama, kabla hajalipa, azime intaneti mbele ya muuzaji, kisha auze kitenge kimoja na kutoa risiti.

Kijana wa kwanza alipokuja, mama alizima data ya simu aliyokuwa akiiunganisha na kompyuta. Skrini ikabaki nyeupe. Wa pili, risiti ilitoka, na data iliporudi nakala ikaenda. Huyo ndiye aliyelipwa, pamoja na muuza kompyuta ya mtumba yenye RAM ya giga 8. Hiyo ina Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida Oktoba 2025, nami nimeshamwambia mama kwamba swali lake litarudi tena.