Kipindi cha Saa Kumi

Kwenye fomu ya kujiunga kuna mstari mmoja unaouliza lugha ya kwanza ya mtoto. Mstari wenyewe hauzidi urefu wa kidole. Katika miaka niliyofundisha Kiswahili kwenye shule moja ya kimataifa hapa Arusha nimezipitia fomu nyingi, na jibu lililonikosesha usingizi halikutoka kwa mgeni. Baba ni mtu wa Machame, mama wa Pangani, mtoto kazaliwa hapahapa mjini, na kwenye mstari pameandikwa: Kiingereza.

Sikumlaumu mzazi yule. Aliogopa kwamba akiandika Kiswahili, mwanawe atatengwa na wale wanaohitaji kusaidiwa Kiingereza, aanze shule akiwa nyuma ya wenzake. Ila mpango wote wa shule wa kufundisha lugha mama ulikuwa unasimama juu ya mstari huo. Fomu ikisema Kiingereza, mtoto hahesabiwi, na asiyehesabiwa hatafutiwi mwalimu.

Mpango wenyewe, kwa jinsi ulivyoandikwa, ulikuwa mzuri, na bado nauamini. International Baccalaureate, mfumo wa mitihani tunaoufuata, ulioanzishwa Geneva mwaka 1968, humruhusu mwanafunzi wa Diploma kusoma fasihi ya lugha yake hata kama shule haina mwalimu wa lugha hiyo. Mwanafunzi hujisomea, shule ikampa msimamizi, na ikibidi mkufunzi kutoka nje. Akifaulu fasihi ya lugha 2, hupewa Diploma ya lugha mbili. Sijui mfumo mwingine mkubwa wa mitihani unaomwambia kijana kwa uwazi namna hii kwamba lugha ya kwao ina thamani.

Na kama kuna mji uliohitaji mpango huo, ni Arusha. Umoja wa Mataifa ulipounda Mahakama ya Jinai ya Rwanda mwaka 1994, makao yake yaliwekwa hapa, na hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015 familia za wanasheria na wakalimani zilikuja kutoka pande nyingi za dunia. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu nayo ikahamia mwaka 2007, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ina makao makuu hapa. Watoto wa watu hawa wanataka shule. Nilimpata kijana ambaye nyumbani wanasema Kiwolofu, vitabu anasoma vya Kifaransa, na darasani anaandika Kiingereza. Alipoulizwa lugha yake ya kwanza alinyamaza kitambo, kisha akauliza kama anaweza kuandika mbili. Nafasi ilikuwa ya moja.

Sasa nije kwenye ratiba, kwa sababu hapo ndipo nilipoona mpango ukidhoofika. Hisabati ilikuwa na vipindi vyake asubuhi, sayansi vilevile. Lugha mama ilipangwa Alhamisi saa kumi jioni, masomo yakishaisha. Saa kumi ndipo mabasi ya shule yanaondoka, na ndipo timu ya mpira inaingia uwanjani. Mtoto aliyetaka kusoma lugha ya bibi yake ilibidi aache mpira, mzazi atume gari la kumfuata, na juu ya hayo amlipe mkufunzi, maana ada ya shule haikugusa somo hilo. Muhula wa kwanza walikuja 11. Kufikia Pasaka walibaki 4. Katika kikao cha walimu ilisemwa kwamba wanafunzi hawana ari. Nilisema pale, na ninasema tena leo, kwamba ari haina uwezo wa kulizuia basi lisiondoke.

Wazazi nao walikuwa na swali lao, lilelile kila mwaka: "Mwalimu, Kiswahili si anakiongea na dada nyumbani?" Ndiyo, anakiongea. Anaagiza chai, anatania, anagombana na mdogo wake. Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, amekuwa akieleza tangu mwishoni mwa miaka ya 1970 kwamba lugha ya mazungumzo na lugha ya masomo hazikui kwa kasi moja: ya kwanza mtoto huipata kwa takriban miaka 2, ya pili humchukua 5 au zaidi. Maneno hayo aliyasema akiwatazama watoto wa wahamiaji wanaojifunza Kiingereza, lakini mimi niliyaona yakigeuka upande wa pili, kwa watoto wa Kitanzania wasioweza kuandika aya moja ya hoja katika lugha wanayocheka nayo kila siku. Wengi walikuwa wamesajiliwa Kiswahili kama lugha ya kigeni, pamoja na wageni waliofika juzi, kwa kuwa alama huko ni za uhakika. Hilo liliniumiza kuliko habari ya mabasi.

Binti wa ile fomu alihama darasa hilo kwa hiari yake akaja kujisomea fasihi. Utaratibu unadai kazi 9 kwa ngazi ya kawaida, zisizopungua 3 ziwe tafsiri. Tulianza na Kusadikika ya Shaaban Robert, ya mwaka 1951. Kurasa za mwanzo alizisoma kama anayepanda mlima kwa viatu vya kuazima. Wiki ya pili alikuja na daftari lililojaa maelezo ambayo si yangu. Alikuwa anampigia simu bibi yake Pangani, anamsomea, na bibi anafafanua. Neno "sadiki" lenyewe alilipata kwa bibi, aliyemwambia kwamba kwao mtu akiletewa habari kubwa mno hujibu "sisadiki." Kwa tafsiri tulichukua Mabepari wa Venisi ya Mwalimu Nyerere, na baadaye Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiswahili mwaka 2022. Nakala yake ilitoka Dar es Salaam kwa basi, imefungwa kwenye mfuko wa rambo. Binti alishangaa kwamba Mzanzibari aliyepata Nobeli mwaka 2021 ilibidi atafsiriwe ndipo arudi kwenye lugha ya nyumbani kwake. Tulizungumza juu ya hilo kipindi kizima.

Mwaka uliofuata mtaaluma mpya alifanya jambo dogo. Alichukua kipindi cha tatu cha Jumatano na kukitenga kwa lugha zote kwa pamoja: wa Kikorea kwake, wa Kifaransa kwake, sisi kwetu. Hakuna pesa iliyoongezwa. Waliojiandikisha Kiswahili walikuwa 13, na hadi mwisho wa mwaka walikuwa 12, mmoja akiwa amehama nchi. Kijana wa Kiwolofu alichukua fasihi ya Kifaransa, na saa za mapumziko alikuwa akiandika hadithi za babu yake kwa Kiwolofu, akibuni tahajia anapokwama.

Agosti hii kipindi bado kipo Jumatano asubuhi. Chumba chetu kimegeuzwa kuwa cha kompyuta, kwa hiyo tunakutana chini ya mjakaranda karibu na jiko. Fomu nayo imechapishwa upya: mistari ya lugha sasa ni 3.