Mwenye nyumba analipa, lakini nani anakabidhiwa ufunguo?

Chukua wafanyabiashara wawili wanaokutana Namanga kila wiki, mmoja ana nyumba yake Arusha na mwenzake ana yake Kitengela. Bei ya gunia la maharage wataielewana kwa dakika chache. Wakianza kuulizana kuhusu gharama za nyumba, mazungumzo yatarefuka.

Wa Arusha hukatwa kodi ya majengo anaponunua umeme wa LUKU. Wa Kitengela hudaiwa ada ya ardhi na serikali ya kaunti, na juu yake sheria inamtaka achangie nyumba za bei nafuu, ingawa yeye alishajenga yake tofali kwa tofali, kwa mkopo wa sacco.

Kumchangia asiye na makazi si jambo geni katika jamii zetu. Kinacholeta manung'uniko ni kwamba anayelipa huonyeshwa mapema kiasi anachodaiwa, lakini ni nadra kuonyeshwa jinsi nyumba zilizojengwa zinavyogawiwa.

Asilimia moja na nusu

Nchini Kenya, mfanyakazi hukatwa asilimia 1.5 ya mshahara ghafi na mwajiri huongeza kiasi hichohicho. Anayelipwa Sh40,000 kwa mwezi hukatwa Sh600, na mwajiri naye huweka Sh600. Kwa mwaka, jina lake pekee huingiza Sh14,400 katika mfuko huo.

Tozo ilianza kupitia Sheria ya Fedha ya 2023. Novemba 28 mwaka huo, majaji watatu wa Mahakama Kuu waliifuta. Moja ya sababu zao ni kwamba iliwabagua wenye ajira rasmi kwa kuwatoza peke yao. Serikali ilirudi bungeni, na Machi 2024 Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ikatiwa saini. Sheria hiyo iliziba pengo kwa kuwaingiza pia wenye mapato yasiyo ya mshahara. Oktoba 2024, Mahakama Kuu iliamua kuwa sheria hiyo ni halali.

Hapo ndipo mfanyabiashara wa mpakani alipoingizwa. Sheria inataja pato ghafi, na kila muuza nguo anajua kwamba pato ghafi si faida. Anayeuza mali ya Sh200,000 huenda akabaki na Sh15,000 baada ya kulipa mtaji, usafiri na ushuru. Asilimia 1.5 ikipigwa kwenye mauzo yote ni Sh3,000, yaani sehemu ya tano ya alichobaki nacho.

Kwa upande wa wanufaika, sheria imepanga madaraja. Wenye kipato cha chini ya Sh20,000 kwa mwezi wametengewa nyumba za kijamii. Wa kati ya Sh20,000 na Sh149,000 wametengewa nyumba za bei nafuu, na wanaozidi hapo wana daraja lao. Maombi hufanywa kupitia mfumo wa Boma Yangu. Mei 2025, Rais William Ruto alikabidhi nyumba 1,080 katika mtaa wa New Mukuru, Nairobi. Kwa waliopata funguo ilikuwa siku ya furaha. Kwa mamilioni wanaoendelea kukatwa, ilikuwa pia mara ya kwanza kuona pesa zao zikigeuka kuta na madirisha.

Nairobi ina kumbukumbu inayofanya watu wawe waangalifu. Mtaa wa Umoja, ulioanza kujengwa miaka ya 1970 kwa ajili ya watu wa kipato cha chini, uliishia kukaliwa kwa sehemu kubwa na wenye uwezo zaidi, kwa kuwa waliopewa walipangisha au kuuza. Hata katika mradi wa kuboresha Kibera, baadhi ya waliopewa vyumba walivipangisha na kurudi kwenye mabanda, kwa sababu kodi waliyopata iliwasaidia kuliko chumba chenyewe.

Ndiyo maana sheria ya sasa inamkataza mnunuzi kuuza nyumba yake bila idhini ya Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu. Lakini katazo la karatasi halijui nani analala ndani ya nyumba. Hilo hujulikana kwa kukagua mlango kwa mlango, na kwa orodha ambayo jirani anaweza kuisoma.

LUKU na milango ya Kariakoo

Tanzania ilichagua njia nyingine. Tangu 2021 kodi ya majengo hukatwa kupitia LUKU. Tangu Julai 2023, nyumba ya kawaida hulipiwa Sh1,500 kwa mwezi, yaani Sh18,000 kwa mwaka. Ghorofa za mijini hulipiwa Sh7,500 kwa mwezi kwa kila sakafu. Njia hii haina foleni wala hati ya madai. Kasoro yake ni kwamba anayenunua umeme mara nyingi ni mpangaji, wakati mwenye deni ni mwenye nyumba. Mpangaji asipodai fidia kwenye kodi ya pango, ameshalipa kodi ya mali isiyo yake.

Kwa upande wa nyumba za umma, mhusika mkuu ni Shirika la Nyumba la Taifa, NHC, lililoundwa 1962. Mwaka 1990 lilipokea pia majengo ya Msajili wa Majumba, mengi yao yakiwa yale yaliyotaifishwa 1971. Baadhi ya majengo hayo yako katikati ya Dar es Salaam na Kariakoo, ambako wafanyabiashara kutoka Kongo, Zambia, Malawi na Uganda hufuata bidhaa.

Kilio cha miaka mingi ni upangishaji wa juu kwa juu. Mwenye mkataba analipa kodi ndogo kwa shirika, kisha anampangisha mwingine kwa bei ya soko na kuweka tofauti mfukoni. Viongozi wa serikali na wa shirika wamekemea jambo hilo mara kwa mara. Tofauti hiyo haiingii katika hazina ya umma, na mwishowe huongezwa kwenye bei ya bidhaa. Mteja aliyepanda basi kutoka Lubumbashi au Lusaka anailipa bila kujua.

Rwanda inatoa mfano wa kumpunguzia mzigo mwananchi aliyejijengea. Huko, nyumba moja ambayo mwenyewe anaishi imesamehewa kodi ya majengo, na sheria ya 2023 ilishusha kodi ya ardhi na ya nyumba ya pili.

Anayelipa ugenini

Kwa msomaji anayeishi kwa kuvuka mipaka kuna jambo la ziada. Mtanzania au Mganda aliyeajiriwa Nairobi hukatwa tozo ya nyumba kama Mkenya, lakini mpango wenyewe ni kwa raia wa Kenya. Itifaki ya Soko la Pamoja ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika 2010, inaruhusu watu na mitaji kusafiri, lakini ardhi na majengo imeyaachia sheria za kila nchi. Jirani anachangia ujenzi wa nyumba asiyoweza kuiomba. Hilo linafaa kuwa hoja mezani mwa Jumuiya.

Wakati hoja hiyo ikisubiri, raia wana chombo mkononi. Kenya na Tanzania zote zilipitisha sheria za kupata habari mwaka 2016, na Uganda ilitangulia 2005. Kenya na Uganda zinatoa siku 21 kwa ofisi ya umma kujibu ombi, Tanzania siku 30. Raia anaweza kuandika barua na kuuliza ni nyumba ngapi zimegawiwa katika mji wake, kwa vigezo gani, na ukaguzi wa mwisho ulikuta nani anaishi humo.

Mfanyabiashara hatoi mzigo ghalani bila kuandika nani ameuchukua. Serikali inayomkata kila mwezi inapaswa kuweka daftari kama lake, na kumruhusu alifungue.