Wanaosoma habari za majambazi: maiti wanne wa Januari 2006 (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita nilieleza namna habari ya ujambazi inavyotoka kituo cha polisi hadi chumba cha habari. Leo nahamia kwa msomaji.

Simama asubuhi kwenye meza ya magazeti Mtaa wa Msimbazi, Kariakoo. Waliozunguka meza ni wabeba mizigo, machinga wanaosubiri mzigo, wenye maduka wanaoelekea mitaa ya Congo na Narung'ombe, na abiria walioshuka kwenye mwendokasi. Wengi hawanunui. Husoma vichwa vya habari na mistari michache iliyo juu ya kunjo, husema neno, kisha huondoka. Habari ya siasa ikiwa mbele, watabishana. Ikiwa ni Simba na Yanga, watabishana zaidi. Lakini ikiwa polisi wameua majambazi, ubishi haupo. Utasikia neno moja tu: "Wamepungua."

Sitaki kumlaumu haraka anayesema hivyo. Mfanyabiashara wa Kariakoo hufunga duka jioni na mauzo ya siku mkononi, na anajua kuna watu wanaoijua saa yake ya kufunga. Mwanzoni mwa 2006 Dar es Salaam ilikuwa na hofu ya kweli. Rais Kikwete alikuwa ameapishwa Desemba 2005, na serikali mpya ilisukumwa kila upande ikomeshe ujambazi. Mwezi Machi nchi ikapata Inspekta Jenerali mpya wa Polisi, Said Mwema. Watu walitaka kusikia kwamba kuna mahali majambazi wanashindwa.

Kwa hiyo habari ya katikati ya Januari mwaka ule ilipokewa vizuri. Polisi walitangaza kwamba watu wanne, majambazi, wameuawa katika majibizano ya risasi. Msomaji wa kichwa cha habari hakuwa na la kuuliza. Wanne walikuwa wamepungua.

Lakini watu wale wanne walikuwa na nyumba zao, na ndugu zao hawakunyamaza. Watatu walikuwa wafanyabiashara wa madini kutoka Mahenge, mkoani Morogoro, waliokuja mjini kuuza vito. Wa nne alikuwa dereva wa teksi wa Manzese. Ndugu walipaza sauti hadi Rais akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Mussa. Ukweli uliotoka ulikuwa mwingine kabisa: watu wale walikamatwa Sinza tarehe 14 Januari wakiwa hai, wakapelekwa msitu wa Pande, wakauawa huko. Majibizano ya risasi hayakuwepo.

Gazeti lilisema lilichoambiwa na polisi. Lakini polisi walitoa taarifa ya namna ile kwa sababu walijua itapokewa vipi, na waliokuwa wakiipokea ni sisi wasomaji. Lugha ilikuwa tayari inawasubiri. Kiswahili chetu cha magazeti kina fungu zima la maneno yaliyokwisha kupikwa: "majibizano makali ya risasi", "alipigwa risasi akijaribu kutoroka", "alifariki dunia njiani akipelekwa hospitali", "wananchi wenye hasira kali". Soma tena hilo la mwisho. Mtu ametiwa tairi shingoni na kuchomwa moto, na sentensi haina muuaji, ina hasira tu. Kubwa kuliko yote ni neno jambazi lenyewe. Mtu akishaitwa hivyo gazetini, hana kesi tena. Mwandishi akiandika "mtuhumiwa wa ujambazi", msomaji humwona anaremba, kana kwamba anawatetea wahalifu.

Hata sheria haikufika huko tulikofika sisi. Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 287A, inampa aliyetiwa hatiani kwa unyang'anyi wa kutumia silaha kifungo kisichopungua miaka 30. Haimnyongi. Tunaposhangilia maiti ya mtu aliyedhaniwa kupora, tunashangilia adhabu ambayo hakimu asingeweza kuitoa.

Naamini tabia hii tuliipata pia vitabuni, nami nimo miongoni mwa waliolelewa na vitabu hivyo. Mwaka 1960 Mohamed Said Abdulla alituletea Bwana Msa katika Mzimu wa Watu wa Kale. Bwana Msa huuliza, husikiliza, huvuta kiko chake, naye msomaji hulazimika kusubiri hadi mwisho amjue mkosaji. Mwaka 1974 akaja Willy Gamba wa Elvis Musiba katika Kufa na Kupona, na vijana wa mjini wakamsoma kwa kupokezana hadi kurasa zikachanika. Willy Gamba hatusubirishi. Adui anajulikana, bastola ipo, na anayekufa alistahili kufa. Ni burudani halali, nami sina ugomvi na Musiba. Tatizo ni kwamba tulimsoma afisa upelelezi wa kweli kana kwamba ni Willy Gamba.

Kwa majirani zetu upepo ulivuma upande wa pili. John Kiriamiti, mporaji wa benki aliyefungwa Kenya mwaka 1971, alitoka gerezani 1984, na mwaka huohuo kikatoka kitabu chake, My Life in Crime. Vijana wa Nairobi walimpenda Jack Zollo, jina analojiita humo, kwa magari, mahaba na ujanja wa kukwepa polisi. Hata Dar es Salaam wapo waliokisoma kwa pumzi moja. Msomaji wa Zollo humpenda mporaji, na msomaji wetu wa Msimbazi humtaka afe, lakini wote wawili humruka mtu yuleyule: karani wa benki aliyelala sakafuni akiwa ameelekezewa mtutu. Nani anakumbuka jina lake? Na nani alimkumbuka dereva wa Manzese?

Hofu nayo huandika habari zake yenyewe. Jioni ya tarehe 2 Januari 2015 ilisambaa taarifa kwamba Panya Road, genge la vijana waporaji, wanaingia mitaani Dar es Salaam. Simu zilituma ujumbe kutoka mkono hadi mkono, maduka yakafungwa, watu wakakimbia hata mahali ambapo hakuna aliyewaona vijana hao. Vijana walikuwepo, na majeruhi walikuwepo. Lakini msomaji wa ujumbe wa simu alikuwa mwandishi pia, akiongeza panga moja kila alipousambaza. Katika msako uliofuata walikamatwa mamia, na ukiwa kijana wa kijiweni siku zile, umri wako peke yake ulitosha kukutia mashakani.

Nirudi kwenye msitu wa Pande, kwa sababu wengi walioisoma habari ya kwanza hawakuisoma ya mwisho. Abdallah Zombe, aliyekuwa mkuu wa upelelezi mkoa wa Dar es Salaam, na maafisa na askari wenzake walishtakiwa kwa mauaji. Agosti 2009 Jaji Salum Massati wa Mahakama Kuu aliwaachia huru. Upande wa mashtaka ukakata rufaa. Septemba 2016 Mahakama ya Rufani ikathibitisha kuachiwa kwa Zombe, ikamtia hatiani Christopher Bageni, aliyekuwa mkuu wa upelelezi wilaya ya Kinondoni, na kumhukumu kunyongwa.

Kesho ukisimama kwenye meza ya magazeti na kukuta majambazi wameuawa, usiseme neno kwanza. Nunua gazeti, soma hadi mstari wa mwisho, utafute marehemu ni nani, waliishi wapi, na nani mwingine aliyeona zaidi ya polisi waliotoa taarifa. Usipoyakuta, mwandikie mhariri umuulize. Wafanyabiashara wa Mahenge na dereva wao waliitwa majambazi kwa siku chache. Hukumu ya mauaji yao ilichukua zaidi ya miaka 10.