Gobore la babu: kwa nini bunduki chakavu inamuumiza anayeishika

Katika vijiji vingi vya Tabora gobore bado lipo. Limeegeshwa nyuma ya mlango au limelazwa darini, na mwenye nyumba atakwambia kwamba ameachiwa na babu. Mara nyingine linatafutiwa mnunuzi. Mtu anakuja na bunduki kuukuu, anasema ni ya jeshi, ni chuma cha Mjerumani, na bei yake ni nafuu. Makala hii inaeleza kwa nini maneno ya namna hiyo yamewaponza wanunuzi tangu enzi za misafara, na ufanye nini kama bunduki hiyo imo nyumbani mwako.

Zilifikaje huku?

Katika karne ya 19, misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita Mpwapwa na Ugogo hadi Tabora, na mingine ikaendelea mpaka Ujiji. Kutoka bara zilishuka pembe za ndovu na watumwa. Kutoka pwani zilipanda nguo, shanga, waya wa shaba, baruti na bunduki.

Nyingi ya bunduki hizo zilikuwa masalio ya majeshi ya Ulaya. Mwaka 1866 Ufaransa ilichukua bunduki mpya iitwayo Chassepot, na mwaka 1874 ikaiacha ikachukua Gras. Uingereza nayo ilianza kuzigeuza bunduki zake za kushindilia kwa mdomo mwaka 1866, kisha mwaka 1871 ikachagua Martini-Henry. Kila jeshi lilipobadilisha silaha, maghala yalijaa za zamani. Wafanyabiashara walizinunua kwa bei ndogo na kutafuta soko mbali, na Zanzibar ndiyo iliyokuwa mlango wa soko hilo. Makadirio ya miaka ya 1880 yanafikia karibu bunduki laki moja kwa mwaka zilizoingia kupitia huko. Mwaka 1888, Euan-Smith, mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, aliionya serikali yake kwamba bara lote lingejaa silaha.

Watu wa huku walikuwa na sababu ya kuzitaka. Mwaka 1871 Mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora kwa ajili ya njia ya biashara, na ruga-ruga wake wakaichoma sehemu ya mji. Aliyekuwa na bunduki aliishika njia. Asiyekuwa nayo alilipa hongo au alikimbia.

Muhuri wa bandia

Bunduki iliyofika Unyanyembe ilikuwa imepita mikono mingi, na kila mkono ulitaka faida. Mnunuzi wa mwisho hakuwa na njia ya kujua imetoka wapi.

Mbali na masalio ya majeshi, miji ya Birmingham kule Uingereza na Liège kule Ubelgiji ilitengeneza bunduki za bei nafuu mahsusi kwa soko la Afrika. Wanunuzi wengi waliiamini alama ya TOWER, yaani Mnara wa London, iliyogongwa kwenye bunduki za jeshi la Waingereza. Basi baadhi ya mafundi wa Liège waliigonga alama hiyo hiyo kwenye kazi yao. Bunduki ikaonekana ya jeshi, kumbe haijawahi kuona jeshi.

Muhuri halisi ulikuwa na maana. Mtutu ulijaribiwa kwa baruti nyingi kuliko kawaida, na ukivumilia ndipo ukagongwa alama. Birmingham ina nyumba ya majaribio hayo tangu mwaka 1813. Lakini muhuri unasema tu kwamba mtutu ulikuwa mzima siku ile. Hausemi lolote kuhusu kutu ya miaka mia moja iliyofuata.

Mwaka 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yalikubaliana kuzuia bunduki za kisasa zisiingie sehemu kubwa ya Afrika. Bunduki walizoruhusu ziuzwe kwa watu ni zile za kuwashwa kwa jiwe, zisizo na mifuo ndani ya mtutu. Ndizo zinazoitwa kwa Kiswahili gumegume. Usalama wa mnunuzi haukuwa hoja yao. Walitaka watawaliwa wabaki na silaha dhaifu. Leo mtu asiyefaa kitu huitwa gumegume, na hiyo inatosha kuonyesha jinsi wenyewe walivyoziona.

Na ile sifa ya "bunduki ya Mjerumani"? Vita vilipoanza mwaka 1914, askari wengi wa Wajerumani katika nchi hii walikuwa bado wanatumia bunduki ya mtindo wa mwaka 1871. Baruti yake ilitoa moshi mzito uliomwonyesha adui mahali walipo. Hata askari wao walipewa zilizokwisha kuachwa kwao. "Ya jeshi" mara nyingi maana yake ni kwamba jeshi limeitupa.

Hatari ziko wapi?

Kwanza, mtutu. Kutu hula kutoka ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Nje panang'aa kwa mafuta, ndani pamebaki utando. Mtutu ukiziba hata kwa udongo au kiota cha mdudu, moto hurudi kwa mpigaji. Gobore la kienyeji lina hatari zaidi, kwa sababu mtutu wake huenda ni bomba la chuma ambalo halikutengenezwa kuhimili baruti.

Pili, baruti. Bunduki za zamani zilitengenezwa kwa baruti nyeusi. Baruti ya kisasa isiyo na moshi ina msukumo mkubwa kuliko ambao vyuma hivyo vinaweza kuhimili. Risasi inaweza kuingia vizuri kabisa, na bado bunduki ikapasukia usoni.

Tatu, mtambo. Meno yanayoshikilia nyundo ya bunduki huisha kwa matumizi. Bunduki ikianguka, au ikigongwa kwenye mlango, inafyatuka bila kidole kugusa kifyatuo.

Nne, viungo vya kuokoteza. Bunduki nyingi za jeshi ziligongwa namba moja kwenye vipande vyake vikuu. Namba zikitofautiana, umeletewa bunduki iliyounganishwa kwa mabaki ya kadhaa, na huenda vipande havikai sawasawa.

Tano, baruti iliyohifadhiwa ndani. Januari 1893, Mtemi Isike wa Unyanyembe alipozidiwa na Wajerumani katika ngome yake, aliilipua ghala yake ya baruti kuliko kutekwa. Yeye alikusudia. Ndani ya nyumba ya nyasi yenye moto wa kupikia, mlipuko hausubiri mtu akusudie.

Sheria inasemaje?

Tanzania ina Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kumiliki bunduki bila leseni ni kosa, hata ikiwa ni kuukuu, hata ikiwa hujawahi kuifyatua. Leseni ni ya mtu aliyepewa. Bunduki hairithiwi kama shamba au ng'ombe. Mwenye leseni akifariki, familia inapaswa kutoa taarifa polisi. Anayetaka kumiliki silaha kihalali huanzia serikali ya kijiji chake, na maombi hupanda kata na wilaya hadi polisi. Anayekuuzia gizani anakuuzia pia kesi yake: huwezi kujua kama bunduki hiyo iliibwa au imemuua mtu.

Ufanye nini?

Kama bunduki ya zamani imo nyumbani, usijaribu kuona kama inafanya kazi. Ichukulie kuwa imeshindiliwa, hata kama babu alisema haina kitu. Usiifungue na usijaribu kuitoa risasi au baruti. Waondoe watoto, usielekee mdomo wa mtutu, na baruti uliyoikuta iache mbali na moto.

Kisha mweleze mtendaji wa kijiji au kituo cha polisi, waje waichukue. Usiibebe kwenye bodaboda au basi kuipeleka mwenyewe. Ukisimamishwa njiani, itakuwa vigumu kueleza nia yako.

Umoja wa Afrika umeufanya mwezi Septemba kuwa mwezi wa msamaha kwa wanaosalimisha silaha haramu. Mwaka 2022 serikali yetu ilitoa nafasi kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31, na aliyesalimisha kwa hiari ndani ya muda huo hakushtakiwa. Nafasi ya namna hiyo ikitangazwa, sikiliza tarehe kwa makini, kwa kuwa kinga inaisha siku muda unapoisha. Nje ya kipindi hicho, zungumza kwanza na mtendaji au msaidizi wa kisheria wa karibu ujue utaratibu, halafu usicheleweshe.

Kumbukumbu ya babu inaweza kuhifadhiwa kwa kusimuliwa. Gobore lenyewe halina haja ya kubaki darini juu ya vichwa vya wajukuu wake.